Kinyoleo cha Kuokota

Hirwa, jirani yetu wa Kamembe anayetengeneza simu, ni mtu wa kinyaa. Kikombe cha mwenzake hakigusi hata kikioshwa mara tatu. Saluni aliipiga marufuku tangu mashine ya kinyozi mmoja ilipomwachia mapunye kisogoni. Hujinyoa mwenyewe, kwa wembe wake, mbele ya kioo chake. Ndiyo maana yaliyompata namwonea huruma, ingawa kujipenda kwake ndiko kulikomponza.

Ijumaa moja alishuka Muganza na baba yake mdogo, Théoneste, walale loji huko ili kesho yake wafike Nyakabuye kumposa Benitha. Wazee wa binti walishamkataa mara moja, kwa kuwa alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na ukoo wake hawakuujua vizuri. Safari hii walikubali kumtazama tena, na walisema wazi kwamba hakutakuwa na mara ya tatu. Sasa alipofungua begi, suti ipo, viatu vipo, wembe hakuna. Ameusahau kwenye sinki nyumbani, na ndevu ni za siku tatu.

Akaenda kutafuta sokoni. Mama mmoja anayeitwa Nzigire, mwenye meza ya kufuli, betri na vijiko vilivyotumika, akamwekea nyembe za plastiki. Hirwa akabetua midomo. Hizo humtoa vipele, na nani aende ukweni na shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa? Ndipo akaona, chini ya vijiko, kinyoleo cha chuma cha zamani, kile cha kufungua kichwa na kubadilisha wembe. Akakiinua. Kilikuwa kizito, kimetulia mkononi.

"Chukua hizi, Papa," Nzigire akamwambia. "Ziko mupya. Ile sijue ilitoka wapi. Batoto baliiokota ku muto Rubyiro, maji ilipopunguka."

"Nitaweka wembe mupya, Maman. Na nitaichemusha. Chuma ni chuma."

Nzigire alikifunga kwa gazeti akikishika kwa ncha ya kitenge, asikiguse kwa vidole. Hirwa aliona, akacheka moyoni kwamba leo amekutana na mwenye kinyaa kumzidi.

Asubuhi, jua likiwa limeshaingia chumbani, akakichemsha kwa birika la loji, akatia wembe mpya, akajipaka sabuni. Kikapita shavuni bila kuwasha hata kidogo. Hajawahi kunyoa vizuri namna ile. Alifumba macho kwa raha. Kisha akakisuuza kwenye beseni.

Nywele zilizoelea zilikuwa nyeupe.

Hirwa ana miaka thelathini na moja. Ndevu zake ni nyeusi tii. Akainama kutazama. Zilikuwa ndefu, laini, zimeshikana kwa utando wa mafuta, na katikati yake mlikuwa na vinyuzi vya pamba. Harufu aliijua. Aliinusa siku walipokwenda kumchukua mama yake chumba cha maiti.

Akajishika kidevu. Zilikuwa zimeshaota.

Akanyoa. Zikaota. Akanyoa tena, kwa nguvu, damu ikatoka. Zikaota ndani ya damu. Kitu kikamtekenya kooni. Akaingiza vidole viwili, akavuta unywele mmoja mweupe. Ukaja. Ukazidi kuja. Akatapika kwenye beseni, juu ya zile nyingine, na zile nyingine hazikuzama.

Théoneste akagonga mlango. "Hirwa, gari iko tayari. Batu banatungoja."

"Nakuja, Papa."

Akavaa barakoa.

Nyakabuye walipokelewa vizuri. Théoneste akazungumza kwa ufundi, watu wakacheka panapostahili. Benitha akatokea amevaa mushanana, vazi lao la sherehe, akamtabasamia. Hirwa hakuweza kufurahi. Chini ya barakoa alizihisi zikitambaa, zikitafuta pa kutokea.

Bibi yake Benitha, Koko Védastine, aliyefiwa na mumewe Ladislas mwaka jana, akainua fimbo.

"Atoe ile kitu ku uso. Hatupatie mutoto wetu muntu hatujamuona."

Akatoa.

Mvi zilimjaa kidevuni. Koko akaja polepole. Akamtazama kidevu. Akalamba kidole gumba, akamfuta pembeni ya mdomo, kama mke anavyomfuta mume pombe ya ndizi. Mate yalikuwa ya moto. Hirwa alitamani auchune uso wake autupe.

"Ladislas," Koko akanong'ona. "Balikunyoa vibaya. Nilibaambia bapite na hapa chini. Bakaharakisha, jeneza lilikuwa linangoja." Mkono wake ukabaki shavuni. "Na ile chuma niliitupa mwenyewe ku Rubyiro, iende na wewe. Juu ya nini umerudi?"

"Koko, ni Hirwa," Benitha akasema.

"Ni babu yako. Haweze kukuoa."

Wazee wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, bila kuaga.

Benitha alimfuata hadi kwenye gari. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Enda nyumbani. Ujinyoe na wembe yako mwenyewe. Kama nywele ziko nyeusi, unipigie simu, nitaongea na bazee. Kama ziko nyeupe, usinipigie."

Kwenye daraja la Rubyiro Hirwa akamwomba dereva asimame, akakitoa kinyoleo begini, akakirusha majini. Palepale mvi zikaanza kumdondoka mapajani, mafungu mafungu. Théoneste akafungua dirisha, akaziba pua. Chini ya mvi zilikuwepo ndevu zake, nyeusi, za siku tatu. Hirwa akalia kwa furaha. Njia nzima hadi Kamembe alijitazama kwenye kioo cha gari, na simu ameishika mkononi.

Anaishi peke yake, na ufunguo ni mmoja. Alifungua kufuli aliyoifunga Ijumaa, akaenda moja kwa moja bafuni.

Wembe wake ulikuwa kwenye sinki, pale alipouacha. Ulikuwa umelowa. Povu la sabuni lilikuwa bado halijakauka, na ndani ya povu, mvi tatu na kinyuzi cha pamba.

Benitha bado anasubiri simu.