Jiwe la Bwawani

Harufu ya tope la bwawa ilianzia kwenye birika la chai. Edith Pocklington alilisugua, akalichemsha, akamwaga, wapi! Kesho yake ikahamia kwenye mashuka ya mumewe, Wilfred, aliyekuwa kitandani na kifua chake kibovu tangu baridi ianze.

"Edie," Wilfred alinong'ona, "nani huyu anayekaa miguuni pangu?"

"Hakuna mtu, mzee wangu. Lala."

"Basi mwambie huyo 'hakuna mtu' ananilowesha."

Edith hakucheka. Godoro lilikuwa limebonyea pale miguuni, na shuka lilikuwa chepechepe.

Kosa alilijua. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Kupaa, waumini huzunguka mpaka wa parokia na fimbo, wakichapa kila jiwe la mpaka, ili kilicho nje kisiweze kuvuka. Safari hii kiongozi alikuwa yeye. Walipobakiza jiwe la bwawani mvua ikawachapa wao, na keki zilikuwa zinangoja ukumbini. "Ah, jiwe moja litatufanya nini?" akasema. "Twendeni tukanywe chai." Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nje ya jiwe lile ndiko alikozikwa Sculthorpe, aliyejitosa bwawani enzi za mababu, kanisa likamkatalia kaburi ndani ya parokia.

Wilfred alizidi kuwa baridi, midomo ikaingia rangi ya buluu. Edith akamkimbilia padri.

"Jamani, Mama Pocklington, huo ni unyevu wa ukuta tu," alisema Padri Hallam, mwanamke wa mjini. Lakini alikuja, akaingia chumbani peke yake, akatoka uso umempauka. "Chukua fimbo," alisema kwa sauti ndogo. "Twende sasa hivi."

Wakashika njia ya malishoni, kondoo wakiwapisha na kukimbilia kwenye ua, na nyuma yao, chwa, chwa, chwa, zikaja hatua za mtu aliyelowa, wakiharakisha zinaharakisha, wakisimama zinasimama, hata padri akaanza Baba Yetu akaisahau katikati, na Edith akalifikia jiwe akalichapa, akalichapa, akalichapa mpaka fimbo ikavunjika mkononi.

Kimya. Hatua zikakoma.

"Ameondoka!" Edith alilia kwa furaha, akamkumbatia padri. "Asante Mungu, nimempata mume wangu!"

Alirudi nyumbani mbio kama msichana. Wilfred alikuwa macho, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, ameubana mgongo ukutani.

"Mlipotoka alitoka nanyi, Edie," alisema, meno yakigongana. "Alikuwa anakwenda zake. Kasema kafika kwenye jiwe, kakuta umeshamfungia ndani."

"Wilfred..."

"Shh. Usipige kelele, atakasirika." Godoro likabonyea kando yake, polepole, kutoka miguuni hadi kwenye mto. "Anasema nisogee."