Usiizime, Bado Inasoma

Spika ya ofisini ilikuwa imechomolewa, lakini asubuhi hiyo ilisema, "Mama yako ame..." ikanyamaza.

Umeme hata hakugeuka. Jina hilo alijipa mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeona sababu ya kumpa. Alikuwa ameandika programu ya kuwapigia simu ndugu za wagonjwa hospitalini: kazi nyingi zikienda kwa pamoja, kila moja na laini yake, kila moja ikisoma habari za mgonjwa mmoja. Kuianzisha aliweza. Kuizima, aliiua tu kwa kitufe, kazi zote zikiwa katikati ya sentensi.

"Ziambie kwanza zisianze simu mpya," shemeji yake alimsihi Umeme; alikuwa mdogo wa mkewe, na kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu za Umeme. "Zilizoanza ziache zimalize kusema, zikate laini, ndipo uzime. Jana kuna binti kasikia 'Baba yako ame' akaanguka barabarani. Na baba mtu kapata nafuu!"

"Shemeji, mimi nibembeleze mashine?" Umeme akacheka kicheko chake cha puani. "Ikifa imekufa."

Adhuhuri, jua likiwaka dirishani, chumba kikaanza kunuka udongo uliotoka kuchimbwa. Kisha sauti zikaanza ukutani, nyingi, zikipandana.

"Kina nani wanaongea?" shemeji akanong'ona.

"Panya," akasema bingwa wetu.

Panya! Akabonyeza kitufe chake, skrini ikawa nyeusi, lakini sauti hazikukoma, zikashuka kutoka kwenye dari, zikapita chini ya meza, zikampanda miguuni, tumboni, kifuani, mpaka mdomo wake ukafunguka wenyewe na sauti ambayo haikuwa yake ikasema kwa upole, "Tuache tumalize."

Akajitupa chini ya meza akilia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi.

Shemeji akaivuta kibodi. Akaiwasha programu, akaiamuru isianze simu mpya, akaandika kila kazi iachwe imalize, kisha akafanya jambo ambalo Umeme hakuwahi kulifanya maishani: akangoja.

"Mama yako ameamka, anakuulizia," ikasema sauti moja, ikapumua, ikaondoka. "Baba yako ametembea leo." "Mtoto wako ameruhusiwa kurudi nyumbani." Moja baada ya nyingine zikaisha, na harufu ikapungua.

Ikabaki moja.

"Hii inampigia nani? Haina namba," akauliza shemeji.

"Sikuiandika mimi," Umeme akanong'ona kutoka chini ya meza.

"Ni kweli, hukuniandika," sauti ikajibu. "Toka. Kaa kitini. Habari zako ndiyo kwanza naanza kuzisoma."

Shemeji akakimbia kumwita dada yake. Waliporudi walimkuta Umeme ameketi wima mbele ya skrini, mikono magotini, jasho likimdondoka kidevuni. Spika ilikuwa ikimsomea taratibu, kwa sauti ya chini, alivyozaliwa, alivyotambaa, alivyoanza shule.

"Baba watoto," mkewe akasema, "ngoja niizime hiyo takataka, twende nyumbani."

"Mama watoto, usiiguse!" Hakuthubutu hata kugeuza shingo. "Imeniambia ikikatwa, nakatika nayo. Na ikimaliza, nimekwisha."

Spikani kukasikika kama ukurasa unafunguliwa, kisha sauti ikaendelea kumsoma, bila haraka yoyote.