Ujumbe Ambao Haukufika

Mama ndiye aliyetangulia kutoka kila asubuhi, kwa sababu zamu yake ya uuguzi ilianza mapema. Aliacha chai kwenye chupa, mkate umekatwa, na sare mbili zilizopigwa pasi zikining'inia mlangoni. Waliobaki walikuwa mabinti zake wawili. Mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, walimwita Profesa, maana kule kwao hakuwahi kushika nafasi ya pili darasani. Mdogo, wa miaka kumi, alikuwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea: msichana yule aliongea hata mswaki ukiwa mdomoni.

Walikuwa wamehamia nchi hii ya mbali miezi minne iliyopita, mama alipopata kazi hospitalini. Lugha ya huku watoto hawakuijua hata kidogo, na mama aliijua ya kazini tu. Chiriku aliivamia tu. Alikosea, akacheka, akaendelea. Profesa hakutaka kufungua mdomo mpaka awe na hakika ya kila neno, na kwa kuwa hakika hiyo haikuja, alinyamaza. Aliyasikia na kuyaelewa mengi, lakini hakuna aliyejua.

Muuza mkate wa pale chini alimtania Chiriku kila siku, kisha akamwangalia Profesa kama mtu anayeangalia mzigo uliosahaulika. Barua ya shule ikija, mama alimwita mdogo aisome. Profesa aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, huku roho ikimuuma. Zamani yeye ndiye aliyeitwa.

Kisha Chiriku akachaguliwa kuwakaribisha wazazi siku ya wazazi, kwa niaba ya wanafunzi wote wageni. Mama alimpigia bibi simu palepale. Bibi alishangilia mpaka sauti ikakauka, akakata simu bila kumuulizia mjukuu wake mkubwa. Siku ile Profesa hakumaliza chakula.

Jumanne, msichana anayesoma na Chiriku alimsimamisha Profesa kwenye ujia wa shule. Alimwambia polepole kwamba mazoezi ya siku ya wazazi yamebadilishwa siku, ni leo saa tisa ukumbini, na asiyefika atapoteza nafasi yake. Alimwomba amwambie mdogo wake, kwani yeye alikuwa amemtafuta akamkosa. Profesa alielewa kila neno. Akaitikia kwa kichwa.

Saa tisa alimkuta Chiriku getini, wakaenda nyumbani pamoja. Chiriku aliongea njia nzima. Profesa hakusema kitu.

Kesho yake Chiriku alirudi macho mekundu. Nafasi yake ilikuwa imepewa mvulana mmoja. Mama alimuuliza Profesa kama kuna mtu yeyote aliyempa ujumbe.

"Kuna msichana wa darasa la Chiriku aliniambia kitu," alijibu, "lakini sikuelewa."

Mama alimpapasa kichwa. Chiriku akafuta pua kwa mkono wa sare, akasema, "Si kosa la dada, mama. Yule huongea haraka."

Yangeishia hapo, lakini habari zilimfikia mwalimu wa darasa la Profesa. Alhamisi alimwita Profesa, akamweleza kwa upole kwamba mtu asiyeelewa ujumbe mfupi kama ule hawezi kufuata masomo. Kuanzia Jumatatu angerudishwa nyuma madarasa matatu, akakae na watoto wa miaka kumi. Yaani darasa la Chiriku. Profesa alitamani kupiga kelele kwamba aliuelewa, lakini akisema hivyo angekuwa anajifunga mwenyewe.

Jioni Chiriku alimsogezea daftari alilojaza maneno mapya, kila neno na maana yake.

"Usiogope dada, tutakaa dawati moja," alisema. "Mimi mwenyewe nimechoka. Kila mtu ananiita nimtafsirie, hata kucheza sichezi. Wewe ukijua, tutasaidiana."

Profesa alilitazama lile daftari, machozi yakamtoka.

"Nilielewa," alisema. "Siku ile nilielewa yote. Sikukwambia kwa sababu nilikuonea wivu."

Chiriku alilifunga daftari akaenda kukaa dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, nyumba ilikuwa kimya. Mama aliporudi, Profesa alirudia maneno yaleyale. Mama alikaa kitini bila kuvua viatu, akamuuliza atafanya nini sasa. Profesa akajibu kwamba atakwenda kwa mwalimu peke yake, bila mkalimani.

Ijumaa alisimama mbele ya meza ya mwalimu, akaeleza yote kwa lugha ya huku. Alikosea, akarudia. Aliomba mdogo wake arudishiwe nafasi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atabaki darasani kwake, maana mtu aliyeweza kueleza jambo gumu namna ile anaelewa vya kutosha. Lakini yule mvulana alikuwa ameshaanza mazoezi, na haikuwa haki kumnyang'anya. Chiriku hangezungumza.

Siku ya wazazi waliketi watatu, mama katikati. Chiriku alikuwa hajamsemesha dada yake kwa siku sita. Mvulana alipokosea neno katika hotuba yake, Chiriku aliinama mbele ya mama akanong'ona, "Umesikia?"

"Nimesikia," Profesa akajibu, na wote wawili wakaziba midomo.

Wakirudi nyumbani, mama alimshika Profesa mkono.

"Mwanangu, kuona wivu si dhambi. Hata mimi wodini nawaonea wivu wenzangu wanaoandika ripoti bila kuuliza neno. Kosa lako ni kuuficha, ukaulisha, mpaka ukakutuma kusema uongo. Na aliyeumia ni yule aliyekuwa anakutetea. Siku nyingine wivu ukikupata, uje uniambie kabla haujakua."