Leodgar Aliyeanguka Mchikichini

Leodgar wa Rusimbi hupanda michikichi kukata mikungu ya ngazi, matunda ya mawese. Mkewe Esther hukamua mawese. Siku moja kamba ya kukwelea ilikatika. Leodgar alianguka kwa kukaa, juu ya kisiki chenye ncha. Kisiki kikamwingia njia ya haja kubwa.

Alijinasua, akarudi nyumbani akichechemea.

"Umeumia wapi?" aliuliza Esther.

"Paja tu."

Paja! Na suruali yote imelowa damu nyuma. Lakini aibu ilimkaba. Aliona akitaja mahali penyewe, wakwezi wenzake watamcheka mpaka achoke. Akakalia beseni la maji ya moto yenye chumvi.

Kesho yake tumbo lilijaa na homa ikapanda.

"Nimwite mama," alisema Esther.

Agnesi, mama mzazi wa Esther, ndiye mhudumu wa afya wa mtaa. Leodgar hali hata chakula mbele ya mama mkwe wake. Sembuse kumweleza habari za matako!

"Bora nife," alisema. Na kweli alikuwa njiani.

Agnesi alikuja, lakini hakuingia chumbani. Alisimama nje ya dirisha, akageuza mgongo.

"Esther, muulize mwenzako, akienda chooni anatoa damu?"

Leodgar alijifunika shuka mpaka kichwani, akalia kwa aibu.

"Mwambie mama ndiyo. Kisiki kiliniingia huko nyuma."

"Mwambie sitamcheka. Utumbo ukitoboka, kinyesi huvuja na kuozesha mwili. Beseni halizibi tundu. Asile, asinywe, asiingize dawa yoyote huko. Kisiki kingekuwa bado kimekwama, tusingekichomoa sisi. Hiyo ni kazi ya daktari. Twende hospitali sasa hivi!"

Hospitalini, Daktari Catherine alimpasua tumbo, akasafisha uchafu. Akautoa utumbo kidogo kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kiwe kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni.

"Ni kwa muda tu," alimweleza. "Kinyesi kikipita kando, kidonda kinapona. Kikishapona, tutaurudisha utumbo ndani. Ungewahi, usingeteseka hivi."

Miezi iliyofuata Leodgar alivaa mashati mapana na kukwepa watu. Esther alimbadilishia mfuko bila kukunja uso, na hilo lilimtia aibu zaidi. Kisha alipasuliwa tena, utumbo ukaunganishwa. Akaanza kwenda choo kama zamani.

Mwaka huu mkwezi mwenzake, Gasper, aliteleza mchikichini akaanguka. Watu wakamzunguka.

"Ni kiuno tu," alisema Gasper, akitazama chini.

Leodgar aliijua sauti ile. Uso ukamwaka kwa aibu, lakini akasema mbele ya wote:

"Gasper, mimi kisiki kiliniingia matakoni, nikadanganya ni paja. Nusura nife. Wewe umeumia huko?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni huko," alinong'ona Gasper.

Wakamlaza ubavu kwenye bajaji. Kabla jua halijazama, alikuwa mikononi mwa daktari.