Bomba la Moshi na Kijicho cha Jirani

Mume wangu Mfaume ana wivu, na leo nasema wazi. Tunauza mkaa hapa Temeke. Mkaa tunaufuata Pugu kwa lori letu kuukuu. Jirani yetu Jabiri naye ana lori, lake jipya, linang'aa. Udereva alijifunza Keya, jeshi la Mwingereza, vitani Burma.

"Lori linaringa kama mwenyewe!" Mfaume husema kila asubuhi. Roho inamuuma hata chai haishuki.

Mwaka huu lori letu lilianza kunguruma vibaya. Kila nikipanda, kichwa kinaniuma, moyo unanichafuka. Nikishuka, napona.

"Ni kijicho cha Jabiri!" akasema Mfaume. "Anatuonea gere."

"Akuonee gere wewe? Kwa lipi?"

Alichukua kanga zangu, akaziba madirisha yote mawili ili jicho la Jabiri lisitufikie. Loo, kanga zangu za sikukuu!

Siku hiyo, tukirudi kutoka Pugu, niliona kiza. Mfaume naye mikono ikamlegea. Lori likaacha njia, likakwama kichakani. Nilipozinduka, nilikuwa nimelazwa penye upepo, na Jabiri ananipepea. Alikuwa nyuma yetu na lori lake.

"Pole, shemeji Mwajabu. Vuta pumzi," alisema. Kisha akachungulia chini ya lori letu.

"Mfaume, njoo uone. Bomba la moshi limetoboka hapa, chini ya miguu yenu. Moshi unapanda ndani badala ya kutokea nyuma. Nao ni sumu. Hata usiposikia harufu, unaua."

"Nimelifunga gunia," Mfaume akanung'unika.

"Gunia linaungua, bwana! Bomba lililooza hubadilishwa."

Jabiri akalivuta lori letu hadi kwetu, na kesho yake akaja na bomba jipya. Waliacha injini ipoe. Wakatoa kipande kibovu, wakatia kipya, wakakaza vibano. Wakawasha injini pale uani, penye hewa, wakasikiliza. Hapakuvuja kitu.

"Na madirisha?" Mfaume akauliza kwa sauti ndogo.

"Acha wazi. Na ukisikia tena mngurumo ule, usipakie mtu."

Nikazikunja kanga zangu. "Kijicho kilikuwa humo humo ndani ya gari, baba Chausiku," nikamwambia. "Nawe ukakifungia madirisha."

Jabiri aliangua kicheko. Mfaume akajitia kukagua tairi.

Siku hizi naenda Pugu na kurudi, kichwa chepesi. Jabiri akitupita, Mfaume bado anasonya. Asonye tu. Dirisha liko wazi, na mimi ni mzima.