Viatu Visivyokuwa na Miguu

Haya kanisimulia mjukuu wangu, msusi, Jumapili iliyopita, kichwa changu kikiwa magotini pake, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nami nayaandika kama alivyoyasema.

Aliingia kibandani kwa mpenzi wake, fundi viatu ambaye watu humwita Gundi. Mezani akaona miguu miwili ya mbao, ile ambayo fundi huichonga kwa kipimo cha mtu kisha akashonea kiatu juu yake.

"Hii miguu ya kike ni ya nani?"

Gundi akaitupia kitambaa haraka. "Ya mteja."

"Mteja hana jina?"

"Chanuo, acha upelelezi. Utajua tu."

Chanuo akavua sandali yake ya kushoto, akaupima nayo mguu wa mbao wa kushoto. Ule wa mbao ukazidi kwa upana wa kidole. Si wake!

"Mguu kama kasia! Huyu ndiye unayemficha?"

Gundi akaangua kicheko, akashika mbavu. Hapo ndipo alipoharibu.

"Unanicheka? Mchekee huyo Kasia wako!"

Akatoka. Jioni ujumbe ukaingia: "Rudi nikueleze."

Akajibu: "Mweleze Kasia." Kisha akaifungia namba yake.

Sasa, wawili hawa walikuwa na mtindo wao. Kila Jumapili walitafuta makumbusho madogo ambayo hata madereva wa teksi hawayajui: ya kufuli, chini ya ofisi za bima; ya vifungo vya nguo, juu ya duka la mikate; ya redio mbovu, sebuleni kwa mstaafu mmoja. Walikuwa hawajafika ya viatu, nyuma ya dobi.

Jumapili ilipofika, Chanuo akajipulizia manukato.

"Unaenda peke yako?" dada yake akashangaa.

"Nimeachana na mtu, dada. Sijaachana na makumbusho."

Mama mwenye miwani minene akamfungulia, akamtembeza: buti la mchimba visima, viatu vya dansi vilivyotoboka nyayo. Kwenye kabati la mwisho, viatu vyeupe vya ngozi laini, na kikaratasi: "Vya bibi harusi. Havijapata miguu."

"Maskini! Alikufa?"

"Hajafa. Fundi wake kavileta juzi, macho mekundu. Anasema bibi harusi kaitukana miguu yake mwenyewe, kaiita kasia."

Chanuo akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Na tazama," mama akaendelea, "cha kushoto ni kikubwa kidogo. Fundi kasema yule binti hununua viatu kwa kujaribu mguu wa kulia tu. Wa kushoto unabanwa kila siku, naye anadhani ni uchovu wa kusimama akisuka."

Kidole gumba cha kushoto kikampwita ndani ya sandali. Akatoa simu, akaifungulia namba, akapiga.

"Gundi! Ulinipima lini?"

"Umenifungulia? Alhamdulillahi!"

"Jibu swali!"

"Kila Jumapili unavua kiatu kwenye ngazi za makumbusho, nani anakukanda mguu? Naujua kwa kiganja."

"Ukashindwa kusema?"

"Niharibu ombi la ndoa? Ulivyopandwa na hasira, ukapima kwa sandali inayokubana, nikacheka. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyetukana mguu wangu. Nisamehe wewe. Njoo mbio."

Akaja na aproni yake, gundi hadi viwikoni. Mama mwenye miwani akasimama mbele ya kabati.

"Kilichoingia hapa hakitoki, wanangu."

Chanuo akavua sandali zake, akazipangusa, akamkabidhi.

"Tubadilishane, mama. Andika: 'Ziliubana mguu wa kushoto, karibu zivunje ndoa.' Watu watapanga foleni kuziona."

Mama akazigeuza, akacheka mpaka miwani ikashuka. Akafungua kabati.

Gundi akapiga goti, akamvisha. Chanuo akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Mguu wa kushoto ulikuwa kimya, mara ya kwanza katika maisha yake.

"Ulitaka kuniuliza lini?"

"Vikishakaa."

"Vimekaa. Uliza."

Akauliza. Akakubaliwa kabla hajamaliza, na mama mwenye miwani akapiga vigelegele peke yake kama ukumbi mzima. Harusi ni mwezi ujao, na nywele zangu ndizo hizo zilizokuwa zikisukwa kwa ajili yake.

Usiku ule Gundi akaandika: "Vua viatu ulale."

"Sivui."

Chanuo akatembea chumbani kidogo akizisikiliza hatua zake mwenyewe, akazima taa, akalala navyo miguuni.