Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Kila asubuhi Mama alitoka nje kutazama moshi wa jikoni kwa watu. Zamani mlima mzima ulijaa nyumba. Sasa moshi ulitoka kwa jirani mmoja tu, mwanamke fundi wa kuta za mawe. Wengine walishuka mjini kutafuta kazi. Mwana wa Mama naye alishuka, akawa dereva. Mama alimkumbuka mpaka moyo ukamuuma.

Likizo iliyopita mwanawe alikuja. Chini ya nyumba kulikuwa na ukuta wa mawe wenye matundu, unaozuia udongo usiporomoke. Akayaziba matundu kwa saruji.

"Sasa umependeza, Mama!"

Mama alifurahi sana. Mtoto kashika kazi nyumbani!

Mvua zikaanza. Ukuta ukatoa tumbo. Mama akapiga simu mjini.

"Mama, njoo ukae kwangu," mwanawe alisema. "Ukuta ukianguka, nyumba nayo imekwenda."

"Na hapa nimwachie nani?"



Mvua ilipopumzika, Mama alimwita fundi. Fundi aliugusa ukuta, akaguna.

"Dada, nani kaziba matundu?"

"Mwanangu wa mjini. Alitaka kunisaidia."

"Kakusaidia kweli! Wewe ukinywa maji kutwa nzima, halafu ukanyimwa choo, utakuwaje?"

Mama alicheka, ingawa roho ilikuwa juu.

"Mlima wetu ni mkali, udongo wake haba," fundi alieleza. "Wazee waliubeba kwa vikapu kutoka bondeni, wakaushikilia kwa kuta hizi. Matundu si ubovu. Waliyaacha makusudi, maji yapate pa kutokea."

Wakatoboa saruji karibu yote. Maji ya tope yakaruka, yakawalowesha. Palipovimba walipabomoa, wakapanga upya: mawe makubwa chini, kokoto kwa nyuma, saruji hakuna.

Mvua kubwa ikarudi. Maji yalichuruzika kwenye matundu, na ukuta haukutikisika. Mama akapiga simu, akaisogeza ukutani.

"Unasikia?"

Mwanawe aliutambua mchirizo wa maji.

"Mama, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilaza utotoni. Nami ndiye niliyeiziba."

"Imezibuka, baba."

"Kitanda changu bado kipo?"

"Kipo. Na upande wa zizini saruji yako bado ipo. Njoo uitoe mwenyewe."